Bunduki Tatu Zilizoegemeana

Nawasalimu ninyi wa Bwera na Mpondwe, wa Kasese mjini, wa Kilembe na Katwe, na ninyi mlioko Mweya, ambao usiku redio yenu hushindana na sauti za viboko, na mara nyingi viboko hushinda.

Mada yetu leo ni bunduki za upepo za Kiingereza, zile za zamani, na jinsi ya kuzitambua. Lakini nitaanza na baiskeli. Kama nyumbani kwenu imebaki baiskeli ya babu, ile ya chuma kizito iliyobeba kahawa na makaa mpaka rangi ikaisha, hebu itazame kwa mbele, chini ya usukani, penye bamba dogo la kiwanda. Raleigh ya Nottingham ina kichwa cha korongo. Ukikuta bunduki tatu zimesimamishwa na kuegemeana, midomo juu, vitako chini, kama askari wanavyoziweka wakipumzika, hiyo ni BSA ya Birmingham. Kuna wazee walioiendesha alama hiyo miaka thelathini bila kujiuliza kwa nini kiwanda cha baiskeli kijitambulishe kwa bunduki.

Sababu ni kwamba BSA haikuanza na baiskeli. Mwaka 1861 mafundi bunduki wa Birmingham waliungana wakaanzisha kampuni moja, kwa sababu serikali yao ilikuwa imejenga kiwanda chake kule Enfield chenye mashine za Kimarekani, na fundi wa tupa na nyundo aliona riziki yake inakwenda. Wakajenga kiwanda Small Heath. Tatizo la biashara ya bunduki ni kwamba vita vikiisha, oda nazo huisha. Basi mwaka 1880 wakaingia katika baiskeli, na mwaka 1910 wakatoa pikipiki. Katikati ya hizo mbili, mwaka 1905, wakaanza kutengeneza bunduki ya upepo.

Haikuwa akili yao. Ilikuwa akili ya fundi mmoja wa mji huohuo aitwaye Lincoln Jeffries, aliyepata hataza ya muundo wake mwaka 1904 na kuwapa BSA kazi ya kuutengeneza. Kabla yake, bunduki nyingi za upepo zilizouzwa Uingereza zilikuwa vitu vya Kijerumani vya bei rahisi, vya watoto na vya maonyesho. Jeffries alitaka kitu cha mtu mzima, chenye shabaha ya kweli. Kikapata soko mahali ambapo sisi tusingepadhania: katika vilabu vya pombe. Wanaume wa Birmingham na miji ya jirani walikuwa wakishindana ndani ya baa, wakilenga kitundu kidogo katika bamba la chuma, na nyuma ya kitundu kuna kengele. Kengele ikilia, pointi yako. Isipolia, kunywa bia yako na unyamaze.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii. Bunduki ya zamani huja na hadithi. Utaambiwa hii ilikuwa ya DC wa kikoloni, hii ilikuwa ya mzungu wa mgodi, hii iliua chui. Hadithi ni tamu, lakini bunduki yenyewe husema vingine, na husema kwa mihuri, kwa nambari na kwa umbo lake. Ukijua kuisoma, hadithi nyingi zitaanguka. Na katika wilaya kama yetu, kwa sababu nitakazozitaja, huko kuisoma ndiyo sehemu pekee ya ukusanyaji ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifanya akalala usingizi.

Tuanze na swali la kwanza kabisa: hii ni ya upepo, au ni ya baruti? Msicheke. Zile bunduki tatu zilizoegemeana hazitoshi kukujibu, maana BSA hiyohiyo ndiyo iliyotengeneza Lee-Enfield nyingi mno, bunduki zile zilizobebwa na King's African Rifles na polisi wa enzi za ukoloni. Alama ya kiwanda iko kwenye baiskeli, iko kwenye pikipiki, iko kwenye silaha ya vita yenye tundu la milimita 7.7, na iko kwenye bunduki ya upepo. Risasi ya Lee-Enfield hutoka na nguvu ya zaidi ya jouli 3,000. Bunduki ya upepo ya kawaida ya Uingereza haifiki jouli 17. Kutofautisha hivi viwili si mchezo wa maneno.

Angalia umbo. Bunduki ya baruti kama Lee-Enfield ina chumba cha kuingizia risasi na kitasa cha kufungulia, kile unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele. Ya upepo haina. Badala yake, mbele ya kifyatuo kuna silinda nene kuliko mtutu wenyewe, na humo ndani kuna springi na pistoni. Mnaijua pampu ya baiskeli: unasukuma mpini, kile kipande cha ngozi kinaibana hewa, hewa inatafuta pa kutokea. Bunduki hii ni pampu iliyofungiwa springi. Ukiikoki, pistoni inarudi nyuma na springi inabanwa. Ukifyatua, springi inaisukuma pistoni mbele kwa nguvu, hewa inabanwa ghafla na kupita katika kitundu chembamba, nayo inakirusha kidonge cha risasi. Hakuna moto, hakuna moshi. Hata ile ngozi imo: katika bunduki za zamani kichwa cha pistoni kilifungwa ngozi, na ngozi ikikauka, bunduki inakohoa tu.

Dalili nyingine ni ya Kibirmingham hasa. Uingereza ina sheria kwamba kila mtutu wa baruti lazima upigwe kwa baruti nyingi kuliko kawaida katika nyumba ya majaribio, ukistahimili ndipo unagongwa muhuri wenye taji. Bunduki ya upepo haikulazimishwa kupita huko. Kwa hiyo ukiona mataji madogo yamegongwa karibu na mahali mtutu unapoanzia, weka chini hicho kitu na utoke nje. Hiyo ni silaha ya moto, haijalishi babu aliiitaje.

Ukishajua ni ya upepo, tazama inavyokokiwa. Kuna ya kuvunja shingo, ambayo mtutu wenyewe unakunjwa chini kama unaivunja katikati. Na kuna yenye wenzo chini ya mtutu: mtutu umetulia, unavuta chuma cha chini. Muundo wa Jeffries ni huu wa pili, na ndio uliompa shabaha, kwa kuwa mtutu usiokunjwa haulegei. Lakini kama mtutu haukunjwi, kidonge unakiingiza wapi? Jibu lake ni zuri, nami kila nikilifikiria nampenda huyu fundi: aliweka bilula. Ndiyo, bilula kama ya maji. Unageuza kishikio kidogo mbele ya silinda, tundu linafunguka, unadondosha kidonge, unageuza tena, na tundu la bilula linalingana na la mtutu. Ukiona bilula hiyo na wenzo wa chini, na kwenye mbao au chuma zile bunduki tatu, umekaribia sana nyumbani kwa Jeffries.

Kisha kuna nambari. Hapa watu hupotea. Juu ya silinda ya BSA za kabla ya Vita vya Pili utakuta tarakimu moja peke yake, 1 au 2, mara chache sana 3. Muuzaji atakuambia namba 2 ni daraja la pili, kitu hafifu, au ni toleo la pili. Si kweli. Ni ukubwa wa tundu. Namba 1 ni milimita 4.5, namba 2 ni milimita 5.5, namba 3 ni kama milimita 6.35. Nambari ndefu ya mfululizo ni jambo jingine, nayo ndiyo hutaja umri. Baada ya vita BSA walianza kutanguliza herufi mbele ya nambari hiyo, kila modeli na herufi zake. Kuna Mwingereza, John Knibbs, aliyeandika kitabu kizima juu ya BSA na Lincoln Jeffries. Wakusanyaji wa kweli hukifungua kabla ya kufungua pochi.

Modeli za baada ya vita nazitaja chache, haraka. Airsporter ya mwaka 1948, nzito, wenzo wake umefichwa ndani ya mbao, na bilula yake hufunguka yenyewe ukiikoki. Cadet, ndogo, ya vijana. Meteor ya mwaka 1959, ya kuvunja shingo, nyepesi, ya bei ya mfanyakazi; hiyo ndiyo iliyouzwa kwa wingi. Upande wa pili wa mji kulikuwa na Webley & Scott, wale wa bastola za maofisa wa Kiingereza. Wao walitoa bastola ya upepo mwaka 1924, na bunduki yao maarufu ya upepo, Mark 3, ilitengenezwa kuanzia mwaka 1947 mpaka 1975. Kabla ya hiyo walikuwa na moja ambayo mtutu wake unang'oka kwa mkono, ukaweka mwingine wa ukubwa tofauti, na ukikuta mitatu pamoja katika sanduku lake, huko Uingereza watu watagombana.

Lakini inayonifurahisha kuliko zote ni Diana, kwa sababu ya uongo usio uongo. Alama yake ni mwanamke mwindaji, mungu wa Kirumi, anatupa upinde wake na kuinua bunduki. Kampuni ni ya Kijerumani, iliyoanzishwa katika mji wa Rastatt mwaka 1890. Ujerumani iliposhindwa vita, jina na alama vilichukuliwa kama sehemu ya fidia na kupewa kampuni ya Milbro ya Motherwell, Scotland. Miaka mingi basi Waskoti wakatengeneza Diana, wakati Wajerumani waliozaa jina hilo waliuza bunduki zao Uingereza kwa jina la Original, yaani ile halisi, kama mtu aliyenyang'anywa shamba akaandika kwenye mlango wa kibanda chake kwamba mwenyewe yupo. Hawakulipata jina lao tena hadi miaka ya 1980. Kwa hiyo mtu akikuambia ana Diana, muulize imeandikwa nchi gani. Mbili zenye mwanamke yuleyule zinaweza kuwa za mataifa mawili, na moja imetengenezwa vizuri kuliko nyingine. Sitasema ipi, nisije nikaandikiwa barua kutoka Scotland.

Je, vitu hivi vilikuwa na njia ya kufika kwetu? Njia ilikuwepo. Reli kutoka Mombasa ilifika Kasese mwaka 1956 ili kuipeleka nje shaba ya Kilembe, na gari moshi halirudi tupu. Wageni wa mgodi, maofisa wa bustani ya taifa, wafanyabiashara wa Kihindi waliouza kila kitu kutoka Birmingham, wote walikuwa kwenye njia ile. Baiskeli, cherehani, taa za karabai na pampu zilipita hapo.

Hata hivyo, mkusanyaji wa Birmingham na wa Bwera hawasimami mahali pamoja. Yule wa Uingereza au Wales, akiwa mtu mzima, anaweza kununua bunduki ya upepo isiyozidi jouli 16 hivi bila leseni yoyote, akaitundika sebuleni, akaipiga picha. Scotland wamekataa hayo, tangu mwisho wa mwaka 2016 lazima leseni. Kwetu Uganda bunduki zina sheria yake ya mwaka 1970, na mlango wa leseni ni polisi. Usijiamulie mwenyewe kwamba chako ni cha upepo basi hakihusiki. Na ukiwa ndani ya bustani ya taifa, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 haitaki silaha yoyote mkononi mwako bila ruhusa, iwe ya upepo au mkuki.

Tena zaidi ya sheria kuna historia yetu. Milima hii ya Rwenzori imeona uasi wa Rwenzururu, miaka ishirini tangu 1962. Imeona waasi wa ADF wakivuka Mpondwe mwezi Novemba 1996. Mwezi Juni 2023 tuliwazika wanafunzi waliouawa wa shule ya sekondari ya Lhubiriha. Askari aliye kwenye kizuizi cha barabarani usiku, akiona mtutu umetokeza kwenye gunia nyuma ya bodaboda, hawezi kukuuliza kama humo ndani kuna springi au baruti. Nasema haya kwa kuwa nimesikia vijana wakisifia mambo ya kununua na kuuza vitu vya kale kuvuka mpaka wa Kongo. Noti za Mobutu, sawa. Sarafu za shilingi za Afrika Mashariki, sawa. Mitutu, hapana. Kama una hamu ya kukusanya, kusanya alama: mabamba ya baiskeli, nembo za cherehani, matangazo ya zamani, picha. Mtu mwenye mabamba ishirini ya BSA ya miaka mbalimbali anaijua kampuni ile kuliko mwenye bunduki moja iliyoshika kutu juu ya dari.

Mtaniuliza, basi Mweya inaingiaje? Inaingia kwa sababu pale kuna bunduki za msukumo wa gesi na hewa ambazo mpaka leo zina kazi.

Bustani ya taifa ya pale Mweya ilitangazwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, na mwaka 1954 malkia Elizabeth alipokuja ikapewa jina lake. Miaka ile viboko walikuwa wamejaa kiasi cha kula nyasi zote kandokando ya maji, ardhi ikabaki uchi. Uamuzi uliochukuliwa ulikuwa wa baruti: kati ya mwaka 1957 na 1966 waliuawa viboko takriban 7,000, na kituo cha utafiti kilichoanzishwa Mweya mwaka 1961 kwa fedha za Nuffield, mkuu wake akiwa Richard Laws, kikawapima na kuwachunguza. Elimu kubwa ilipatikana kwa mizoga ile, sikatai.

Lakini miaka hiyohiyo kulikuwa na daktari wa wanyama, Toni Harthoorn, aliyefundisha Makerere, naye alitaka mnyama aanguke kisha aamke. Huko Georgia, Marekani, walikuwa wameshaunda bunduki inayorusha sindano kwa gesi ya kaboni dioksidi. Harthoorn pamoja na mtafiti Helmut Buechner waliijaribu njia ya dawa kwa swala kob huko Toro, ndugu wa wale mnaowaona Kasenyi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1960. Dawa zao za mwanzo zilikuwa za hatari. Zikizidi kidogo, mnyama haamki. Miaka michache baadaye ikaja dawa ya etofini kutoka maabara za Uingereza, na kazi ikabadilika. Kitabu chake cha mwaka 1970 alikiita The Flying Syringe. Hata ule mchezo wa televisheni wa Kimarekani, Daktari, ulitokana na kazi yake.

Kwa nini gesi, na si baruti? Kwa sababu gesi inapimika. Daktari hutazama umbali, hutazama ukubwa wa mnyama, kisha huzungusha kipimo mpaka msukumo unaotosha. Sindano ikienda polepole inadondoka njiani. Ikienda kasi mno inavunja mfupa wa swala au inazama mpaka kwenye mapafu. Fundi wa kengele ya baa na daktari wa Mweya wana shida moja: namna ya kutuma kitu kidogo mahali palepale, kwa nguvu isiyozidi.

Mnamjua simba Jacob, mwenye miguu mitatu. Mguu wake ulikwenda na mtego, madaktari wakamwokoa, na mwezi Februari 2024 kamera ilimwona yeye na nduguye Tibu wakiogelea kuvuka mfereji wa Kazinga usiku, zaidi ya kilomita moja ya maji yenye viboko na mamba. Simba hatibiwi akiwa macho. Kila mara waya unapotolewa shingoni mwa simba au mguuni mwa tembo wa bustani ile, kazi huanza na sindano iliyorushwa kutoka mbali.

Nimalizie kwa wale ambao tayari wana kitu nyumbani, kimeachwa na marehemu, hawajui ni nini. Kwanza, usikikoki. Ya kuvunja shingo ikiponyoka, mtutu unarudi juu kwa kishindo na kidole kilicho kwenye tundu hakibaki salama. Pili, usikisugue kwa msasa ili king'ae. Unachokifuta ni ile mihuri, na bila mihuri hata Knibbs hawezi kukusaidia. Usikifungashe kwenye gunia ukakipeleka kituoni mwenyewe kwa boda. Mwite mwenyekiti wa kijiji, yaani wa LC1, mwambie kilipo, naye awaite polisi waje kukiona papo hapo. Ukipewa ruhusa ya kukitazama, chukua chaki nyeupe, paka juu ya maandishi, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu: chaki itabaki ndani ya herufi nazo zitasomeka. Piga picha ya jina, ya nambari nzima pamoja na herufi zake, ya ile tarakimu iliyo peke yake, na ya upande mzima kutoka kitako mpaka mdomo. Picha hizo nne zinatosha kumwambia mjuzi kila kitu.

Simu ziko wazi sasa. Fundi mitambo ananiashiria kuna mtu kutoka Kinyamaseke ameshasubiri dakika kadhaa. Haloo? Shikamoo mzee, karibu, punguza kwanza sauti ya redio yako, kisha utuambie.